Dirisha Chini ya Meza

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mpendwa msomaji, methali hii umeisikia tangu ukiwa shule ya msingi na huenda umeichoka kama nilivyoichoka mimi. Lakini leo nataka kuipeleka mahali ambapo sijaona insha ikiipeleka, nako ni kwa watu wa mazingaombwe. Naam, wale wa kutoa njiwa kofiani, na wale wa kumkata mtu vipande viwili kisha wakamrudisha mzima akitabasamu.

Hebu fikiria kidogo. Fundi wa viatu akishona ovyo, mteja atarudi na kiatu mkononi akipiga kelele. Mpishi akizidisha chumvi, walaji watakunja nyuso. Je, mwanamazingaombwe atakosolewa na nani? Mtazamaji wa kawaida haijui siri, kwa hivyo hawezi kumwambia ameharibu wapi. Akishtukia jambo atacheka tu na kwenda zake. Mwenzake wa kazi naye anaijua siri, basi hawezi kudanganyika tena hata akitaka, na isitoshe ni mshindani wake. Kwa hivyo maskini huyu amekaa baina ya watu wawili, mmoja haoni na mwingine ameona kupita kiasi. Anahitaji ukweli kuliko hata fundi wa viatu, ilhali kazi yake yenyewe ni kudanganya. Jamani, hiyo si kazi rahisi!

Nisingeyajua haya lau si binamu yangu, aliye kidato cha nne papa hapa shuleni. Nadhani wengi wetu tunawakumbuka wale watu wa mazingaombwe waliokuwa wakija katika shule za msingi. Tulilipa shilingi kumi kila mtu, tukajazana darasani hadi madirishani, tukatazama utepe mrefu ukitoka mdomoni mwa mtu. Sisi wengine tulienda nyumbani tukasahau. Binamu hakusahau. Mwaka huu ilipotangazwa kwamba kila chama kitatoa onyesho Siku ya Wazazi, aliamua kuwa atajenga Kichwa Kinachoongea.

Mchezo huu ni wa zamani sana. Ulibuniwa na Thomas Tobin, ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza na mtu aliyejiita Colonel Stodare katika jumba la Egyptian Hall mjini London, mnamo Oktoba 1865. Kuna meza ndogo ya miguu mitatu myembamba, na chini yake watu wanaona peupe mpaka pazia la nyuma. Sanduku linawekwa juu ya meza, linafunguliwa, na ndani yake mna kichwa cha mtu kilichovishwa kilemba cha Kimisri. Kichwa kinafumbua macho. Kinaongea! Siri yake imechapishwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 100, kwa hivyo sidhani namwibia mtu riziki nikiitaja. Baina ya miguu ya meza kuna vioo viwili vilivyosimama mshazari, vikakutana kwenye mguu wa mbele. Unadhani unaliona pazia la nyuma, kumbe unaona picha ya mapazia ya kando. Mwenye kichwa amechutama nyuma ya vioo hivyo, magoti kidevuni.

Inasimuliwa kuwa mchezo kama huo ulipofika Paris, watazamaji wakorofi walisokota vipande vya karatasi wakavirusha chini ya meza. Karatasi zikagonga kioo, zikarudi. Hao ndio wakosoaji wa bure, hawakosekani popote.

Shangazi, mamake binamu, anauza mboga sokoni. Alitoa shilingi 2,400 za vioo, na sitasema zilitolewa kutoka wapi, ila katika ploti yetu watu hawakula nyama kwa muda mrefu. Seremala wa jua kali alitengeneza meza. Kijana mmoja mfupi wa kidato cha kwanza akateuliwa kuwa kichwa, akapakwa unga usoni. Binamu aliwaita wanafunzi wenzake watatu watazame majaribio. Wote watatu walipiga makofi: "Safi sana! Hiyo ni moto!" Baadaye nilikuja kujua kwamba wawili kati yao walikuwa wameahidiwa kushika pazia siku hiyo.

Halafu akaniita mimi. Alinikalisha kwenye dawati la katikati akaniambia, "Wewe huwa hunisifu, kwa hivyo wewe niambie ukweli."

Nilitazama mara mbili. Kisha nikangoja wale wengine watoke, maana sikutaka kumwambia mbele yao, ndipo nikamweleza. Kwanza, pazia la nyuma lilikuwa blanketi la kahawia, lakini kando kulikuwa na ukuta wa darasa uliopakwa rangi ya kijani nusu ya chini. Kwa hivyo chini ya meza palionekana kijani, na kijani hicho hakikuwa nyuma. Pili, kila aliposimama ubavuni mwa meza, viatu vyake vilitokea chini yake, viatu vyenyewe vikitazama upande usiofaa. Tatu, kingo za vioo zilimetameta kwa mwanga wa dirisha, na palikuwa na alama za vidole vitano safi kabisa kama za polisi.

"Wengine wamesema iko sawa," akasema.

"Wengine hawakuangalia chini."

"We msichana unajua nini mambo ya mazingaombwe?"

Hapo msomaji niruhusu nitoke njiani kidogo. Chama kinachoitwa The Magic Circle kilianzishwa London mwaka wa 1905, na wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama mpaka mwaka wa 1991. Miaka 86! Kwa hivyo binamu yangu hakuwa wa kwanza kuuliza swali hilo. Ila chama hicho kina desturi moja ninayoipenda: anayetaka kuingia hufanyiwa mtihani, anacheza mchezo wake mbele ya watahini wanaoijua kazi. Hawaulizwi wale wa kushika pazia.

Basi binamu alininunia. Siku moja, siku mbili, juma zima. Tunaishi ploti moja, tunatumia mfereji mmoja, lakini akiniona na ndoo anageuka. Shangazi akaniita jikoni kwake. "Umemwambia nini mtoto wangu? Hata chakula hali vizuri." Nikamweleza. Akanyamaza, akakata sukuma wiki kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa zile vioo hazitafanya kazi?" Swali hilo lilinichoma kuliko kununa kwa binamu. Nilimwambia, "Zitafanya, shangazi. Vioo ni vizuri. Ni ukuta."

Katika juma hilo nilisoma sana habari za watu hawa, nikitaka kujua wao huambianaje. Niligundua kuwa huambiana vibaya! Huko Marekani kulikuwa na bingwa aitwaye Harry Kellar. Alistaafu mwaka wa 1908 akamkabidhi Howard Thurston onyesho lake, pamoja na mchezo wake mashuhuri wa mwanamke anayeelea hewani. Thurston akaanza kuwaita watazamaji wapande jukwaani wakamwone mwanamke huyo kwa karibu. Kellar alikasirika mno. Kwake yeye, siri ile ilikuwa kama mgonjwa aliyelazwa, haiendewi na kila mtu. Walakini Thurston hakuacha, na watu waliendelea kumpenda miaka nenda miaka rudi. Nani alikuwa na haki? Mimi nadhani Kellar alisema kweli kuhusu mchezo, naye Thurston aliwajua watu wake. Na tusimfanye Kellar malaika, kwani mchezo wenyewe ulianzia kwa John Nevil Maskelyne wa London, na Kellar alimwajiri mtu aliyekuwa akifanya kazi huko.

Lakini aliyenishangaza zaidi ni Guy Jarrett. Huyu alikuwa fundi, mjenzi wa masanduku na meza za mazingaombwe, na aliwahi kumjengea Thurston. Maoni yake yalikuwa kwamba masanduku ya wenzake yalikuwa makubwa mno, kwamba mtu mzima anaweza kujibana katika nafasi ndogo kuliko tunavyodhani, na kwamba sanduku kubwa linajitangaza lenyewe kuwa lina mtu. Ukweli mtupu! Hata mimi kwenye mazingaombwe ya shule ya msingi nilikuwa nikiona sanduku kubwa najua mtu yumo. Ila Jarrett aliyaandika haya katika kitabu alichokichapisha mwenyewe mwaka wa 1936, na kalamu yake haikumwogopa yeyote, alichapa kushoto na kulia. Thurston alifariki mwaka huo huo wa 1936. Nilijiuliza kitabu kile kilimfaa nini. Ukimwambia mtu ukweli wakati hawezi tena kubadilisha meza, hapo umemkosoa au umejipoza moyo tu?

Kwa hivyo sikungoja binamu aache kununa. Niliandika yale mambo matatu kwenye karatasi, na chini ya kila moja nikaandika la kufanya: blanketi za kando za rangi moja, chaki sakafuni kuonyesha mahali asipokanyaga, kitambaa cha kufutia vioo. Nikaisukuma chini ya mlango wao. Hakusema kitu. Lakini Jumamosi nilimwona akitoka na mzee mmoja anayeshona viatu karibu na steji, mzee ambaye zamani alizunguka na mazingaombwe shule kwa shule. Binamu akageuka akaniambia, kana kwamba hatujawahi kununiana, "Si unakuja?"

Mzee alitazama mchezo mpaka mwisho, mikono mgongoni. Sote tulingoja atoe hukumu. Hakumwuliza binamu lolote. Alinigeukia mimi.

"Mwanangu, macho yako yalikwenda chini ya meza saa ngapi?"

Nikafikiri. "Ni pale alipoinama, mzee, akasema 'mnaona hapa chini hakuna kitu'."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa naangalia sanduku."

Mzee akamtazama binamu. "Kijana, nani alikuuliza kama kuna kitu?"

Aisee! Mimi nilikuwa nimeona vioo, viatu na ukuta. Mzee aliona kwamba binamu mwenyewe ndiye aliyekuwa akituvuta tutazame mahali pabaya. Na aliyaona kwa kuniuliza mimi, yule asiyejua kazi. Binamu alikuna kichwa. Nilidhani atanuna tena, lakini alichukua kalamu akafuta sentensi ile kwenye karatasi ya maneno yake, akaikata mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.

Alirekebisha mengi. Chaki akaiweka, vioo vikafutwa, upande wa kushoto likaning'inizwa blanketi la kahawia la jirani. Upande wa kulia hakupata blanketi. Alisema ataziba dirisha kwa katoni, patakuwa giza, hakuna atakayeona. Nikamwambia, "Wazazi watasikia joto, watafungua." Akasema, "Hawatafungua." Hapo tulifikia mwisho wa mjadala, maana meza ilikuwa yake.

Siku ya Wazazi madarasa mawili yaliunganishwa, watu wakajaa pomoni. Sanduku likafunguliwa, kichwa kikafumbua macho, na nyanya mmoja wa mstari wa mbele akashika kifua. Nikamtupia jicho shangazi. Alikuwa amekaza leso yake kwa mikono miwili. Kichwa kikaanza kutaja majina ya walimu. Ghafla bin vuu, baba mmoja mnene, akijipepea kwa programu ya siku hiyo, aliinuka akaitoa katoni dirishani.

Mtoto mdogo akapaaza sauti: "Mama, kuna dirisha chini ya meza!"

Kicheko kilichozuka hapo sijawahi kukisikia shuleni. Binamu aligandamana kama nguzo. Aliyeokoa jahazi ni yule wa kidato cha kwanza, kichwa chenyewe. Bila kupepesa macho kilisema kwa sauti nzito, "Hilo ni dirisha la Misri. Lifungeni, nasikia baridi." Watu walipiga makofi mpaka vumbi likashuka darini. Shangazi alisimama kabisa.

Baada ya onyesho kila mtu alimshika binamu mkono, safi sana, safi sana. Alipita katikati yao akaja nilipokuwa nikikusanya viti.

"Sema," akaniambia.

"Makofi yalikuwa ya yule wa kidato cha kwanza."

Alikaa kimya. "Najua," akasema. "Na dirisha?"

"Dirisha nilikwambia."

"Hilo pia najua."

Sasa anajenga kitu kingine, sanduku jembamba, na anapima urefu wa yule kijana kila Ijumaa kwa utepe wa cherehani wa mama yangu. Majaribio ni Jumamosi ijayo. Mzee wa steji amealikwa, nami nimealikwa. Nimemwambia binamu kwamba safari hii sitaki dawati la katikati, nitakaa upande wa kulia kabisa, karibu na dirisha.