Farasi 700 Ndani ya Kigari cha Farasi 12

Somo: Luka 5:37-38

 

Wanaonifahamu tangu zamani wanajua kwamba kabla sijashika Biblia madhabahuni nilishika spana gerejini. Mapenzi ya magari hayajaisha, na mama mchungaji ameshazoea. Juma hili nimekuwa nikifuatilia vigari vya zamani vilivyogeuzwa kuwa magari ya mbio, na nimeona ndani yake jambo linalotuhusu sana mwezi huu. Nivumilieni, nianze na vigari vyenyewe.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, watu wengi wa Ulaya hawakuwa na uwezo wa kununua gari kamili. Kampuni ya Iso ya Italia, iliyokuwa imezoea kutengeneza friji, mwaka 1953 ikatoa kigari cha mviringo kama yai, kikaitwa Isetta. Kina mlango mmoja tu, na uko mbele. Unaufungua kama wa friji, na usukani unatoka nao. BMW ya Ujerumani ikanunua haki ya kukitengeneza, na kuanzia mwaka 1955 ikakitilia injini yake ya pikipiki: silinda moja, cc 247, nguvu za farasi 12. Magurudumu ya nyuma yamekaribiana, kama nusu mita tu.

Messerschmitt nao, waliokatazwa kuunda ndege baada ya vita, wakatoa kigari cha magurudumu matatu, KR200, chenye injini ya cc 191. Abiria huketi nyuma ya dereva, kama katika ndege ndogo. Aliyekibuni, Fritz Fend, alikuwa ameanza kwa kuwatengenezea vigari watu waliopata ulemavu vitani.

Usivicheke, mpendwa. BMW walitengeneza Isetta zaidi ya 160,000, na vigari hivyo vilisaidia kuishikilia kampuni wakati magari yake makubwa yalikuwa yakiiletea hasara. Vilimpeleka baba kazini na kumrudisha nyumbani. Farasi 12, na kazi ilifanyika.

Sasa twende Marekani. Huko California, vijana walikuwa wakichukua magari makuukuu, wakiyapunguza uzito na kuyaongezea nguvu, kisha wakishindana mawili mawili. Hizo ndizo mbio za dragi: magari yanasimama sambamba, ishara inatolewa, na anayemaliza robo maili, yaani mita 402, ndiye mshindi. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA ili mbio hizo ziondoke barabarani, ambako zilikuwa zikihatarisha watu, ziwe na sheria na ukaguzi wa usalama.

Katika mbio hizo, udogo uligeuka kuwa faida. Fiat ya Italia ilikuwa na kigari kiitwacho Topolino, maana yake panya mdogo, cha cc 569 na nguvu za farasi 13. Wamarekani waliipenda bodi yake kwa sababu ni fupi na nyepesi. Wakaing'oa, wakaiunganisha na injini za V8, na yule panya akaanza kunguruma kama simba.

Na Isetta haikusazwa. Mkusanyaji mmoja, Bruce Weiner, aliyekuwa na makumbusho ya vigari katika jimbo la Georgia, alikuwa na Isetta iliyoanza kama gari la kuchezea la Hot Wheels, kisha ikaundwa kwa ukubwa wa kweli na injini ya Chevrolet V8 yenye nguvu za farasi zaidi ya 700. Piga hesabu: karibu mara sitini ya ile ya kwanza!

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo.

Ukitazama picha utadhani fundi alitoa injini ndogo akaweka kubwa. Mimi niliyeshika spana nakwambia haiwezekani. Ukiweka nguvu hizo juu ya fremu ya Isetta, mguu ukigusa mafuta tu, ekseli inakatika, fremu inapinda, na dereva anabebwa kwa machela. Kwa hiyo fundi mwenye akili huanza chini. Huchomelea fremu mpya ya mabomba ya chuma na kuweka ekseli nene. Humzungushia dereva kizimba cha chuma ili gari likipinduka lisimponde. Nyuma huweka vyuma vyenye magurudumu madogo, kwa maana gari fupi lenye nguvu nyingi huinua pua na kutaka kulala chali. Kisha hujiuliza litasimamaje, kwa sababu breki za zamani hazitoshi, na mara nyingi hufunga parachuti. Bodi ile nzuri inayopigwa picha huvishwa juu ya kazi yote hiyo kama kofia.

Bwana Yesu aliwaambia watu kuhusu divai mpya na viriba vikuukuu. Kiriba kinapasuka, divai inamwagika, na hasara ni mara mbili.

Wapendwa, mnajua ninakoelekea. Mfadhili mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, amejitolea kutununulia kiwanja na kutujengea ukumbi wa viti elfu moja. Sisi tuko watu mia moja na ishirini. Hesabu zetu zote ziko katika daftari moja la mama yetu mweka hazina, mwaminifu kabisa, lakini ni daftari moja. Wazee nami tumemwomba mfadhili miezi sita, tuwe na kamati ya fedha, akaunti ya sahihi tatu, mkaguzi wa hesabu kutoka nje, na wadhamini ambao hati ya kiwanja itaandikwa kwa majina yao, isiandikwe kwa jina la mchungaji. Amejibu kwamba huenda akaupeleka msaada wake kwingine.

Nimesikia manung'uniko. Wengine wameniambia ana kwa ana kwamba nimekosa imani. Nawaheshimu, na nawajibu hapa hadharani: ukumbi huo nautaka kuliko mnavyodhani. Mvua ikinyesha, ni mimi ninayepigia kelele mabati. Lakini nimeona makanisa yaliyopata fedha za ghafla yakigawanyika mahakamani, ndugu na ndugu. Waliovunjika si majengo. Mfadhili akiondoka nitaumia, na bado Jumapili tutakutana tulipo, tufanye kazi ya farasi 12 kwa uaminifu.

Nawe msomaji, pengine umeomba kupandishwa cheo, au mkopo mkubwa wa biashara, au jina mjini. Omba, usiache. Ila wiki hii keti na kalamu, ujibu maswali mawili ya fundi: fremu yangu itahimili? Na nikihitaji kusimama, nitasimama na nini? Mahali utakapokosa jibu, anza kuchomelea hapo.

Baba, tupe subira ya kuanzia chini. Amina.

Mbarikiwe, tuonane Jumapili saa nne. Na atakayeniletea picha ya Isetta, nitamnunulia chai.