Shokapu za Nyuma Zikichoka

Nina pikapu ya kupakia mihogo kutoka Mbagala kwenda soko la Temeke Stereo. Gari kama hili likirukaruka kama ngalawa, watu husema springi zimekufa. Mara nyingi si springi. Ni shokapu.

Shokapu ni bomba lenye oili ndani. Springi ikicheza, oili hupita polepole katika matundu madogo na kuituliza. Oili ikivuja, tairi halishiki barabara vizuri na gari huchelewa kusimama. Kandamiza kona ya nyuma, kisha uiachie. Ikiruka zaidi ya mara mbili, shokapu imechoka.

Mimi hubadilisha nyumbani, zote mbili kwa pamoja. Lakini ardhi yetu ya Mtoni ni mchanga. Jeki huzama, kisha huteleza. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Weka ubao mnene chini ya jeki, na chini ya stendi za chuma zitakazobeba ekseli. Usitumie matofali, tofali la saruji hupasuka ghafla. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kuokota spana. Mke wangu huja kuzitazama stendi kwanza, ndipo nilale chini.

Nati zenye kutu zipake oili tangu jana yake. Shokapu mpya isimamishe wima, ivute na kuisukuma mara kadhaa, hewa itoke. Funga nati kidogo tu. Shusha gari, ndipo uzikaze. Ukizikaza gari likiwa juu, mipira hujisokota na kukatika mapema.