Kuwinda na Babu

Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilirudi nyumbani Nyamira, na kila mtu alikuwa na swali lilelile. Babu tu, aliyeuza ng'ombe nipate karo, hakuuliza. Yeye alitaka tupange kuwinda.

Basi kila jioni, pale jikoni kwa moto, tukapanga. Tungepanda milima ya Manga alfajiri, upepo ukitupiga usoni ili paa asitunuse. Mbwa wawili, wasizidi. Mimi nibebe mkuki, yeye fimbo, maana magoti yake, aki, yamechoka. Alichora njia kwenye majivu kwa kidole: hapa kichaka, hapa maji, hapa unanyamaza.

Nilijua Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977. Naye alijua. Halafu huko Manga siku hizi ni chai, ndizi na maboma ya watu. Siku moja nikamwonyesha kwa simu picha ya korongo, wale swala wakubwa adimu wanaolindwa Ruma, kule Homa Bay. Aliishika simu kwa mikono miwili kama kikombe cha uji.

"Huyu tungemla siku ngapi?"

Nikacheka, kisha nikajikuta nalia. Nikamwambia yote: mitihani niliyoikimbia, karo niliyoila, ng'ombe wake.

Akanyamaza, moto ukapungua. Kisha akafuta kipande cha njia kwenye majivu.

"Hapa tusipite," akasema. "Kuna utelezi."

Akaanza kuchora nyingine.