Mlima Ulio Mrefu kwa Chura

Mtu atokaye Bukavu kwenda Walikale huanza safari amevaa koti. Barabara hupanda kwanza katika misitu ya baridi karibu na mlima Kahuzi, wenye urefu wa meta 3,308. Kisha hushuka Bunyakiri, hupita Hombo, na kabla ya kufika Itebero koti limekwisha kuwa mzigo. Kwa kila meta 1,000 za kushuka, joto huongezeka nyuzi 6 hivi. Binadamu huvua koti, yakaisha. Je, chura wa Itebero aweza kuipanda njia hiyo?

Chura, mjusi na kinyonga huitwa wanyama wa damu baridi. Jina hilo lapotosha kidogo, kwani damu ya mjusi aliyeota jua yaweza kuwa na joto kama yetu. Maana yake ni kwamba mwili wao hauna moto wake wa kutosha, bali huazima joto la mahali ulipo.

Basi mahali ndipo panapowafunza. Huko Kanada yuko chura wa msituni ambaye, baridi kali ijapo, sehemu kubwa ya maji ya mwili wake huganda na moyo husimama. Joto lirudipo, huamka akaruka. Muumba hakumpeleka chura wa Itebero katika shule hiyo. Chini ya miti mikubwa Januari na Julai karibu zalingana joto, naye huzoea kadiri ndogo tu. Ndiyo sababu mwaka 1967 Mmarekani Daniel Janzen alieleza kwamba milima ya nchi za joto ni mirefu zaidi, si kwa meta, bali kwa mnyama atakaye kuivuka.

Wengi hudhani kwamba kiumbe wa nchi ya joto hustahimili joto lolote. Sivyo. Wengi wa viumbe wa msituni huishi karibu na mpaka wao wa juu. Miti ikikatwa, jua likapiga ardhi tupu, hawana akiba. Na dunia izidipo kupata joto, njia yao ni kupanda polepole, kizazi kwa kizazi, kuelekea milimani. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilipanuliwa mwaka 1975 ili kuutia ndani msitu wa chini. Sehemu hizo mbili zimeunganishwa kwa ukanda mwembamba tu, na katika ukanda huo mashamba na malisho yamekwisha kuingia.