Gede: Mji Uliotuachia Visima na Mkasi

Ukitoka Mombasa kwenda Malindi, ukavuka daraja la Kilifi na kuupita msitu wa Arabuko-Sokoke, utafika Gede, mji mdogo wa soko ulio yapata kilomita 15 kabla ya Malindi. Nyuma ya maduka yake, chini ya mibuyu na mikwaju, umelala mji mwingine wa mawe ambao Waislamu waliotutangulia waliujenga, wakauishi kwa karne kadhaa, kisha wakauhama mwanzoni mwa karne ya 17. Mnamo mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wengi huuzuru kwa ajili ya misikiti na makaburi yake. Sisi tuliuzuru na familia zetu, na yaliyotushughulisha zaidi yalikuwa jikoni, chooni na kisimani.

Safari iliandaliwa na kamati ya msikiti wetu wakati wa likizo ya shule. Basi lilijaa akina mama, wazee na watoto wa madrasa, na vituko vya safari havikukosekana. Kabla hatujafika Mtwapa, chupa ya chai ilikuwa imepinduka juu ya kapu la mahamri. Mtoto mmoja alitapika kwenye kanzu ya babu yake, naye babu akasema Alhamdulillah, kwani kanzu ya Ijumaa alikuwa ameiacha nyumbani.

Hata hivyo, tulikuwa tumetoka mtaani na jambo zito lililotugawa. Katika ua wa msikiti wetu kuna kisima cha wakfu ambacho nyumba nyingi za jirani huteka maji. Tangu mvua za masika zianze, watoto wa nyumba hizo walikuwa wakiharisha, akipona huyu anaanza yule. Afisa wa afya alikuja, akatazama, akatuambia kuwa choo cha shimo cha madrasa kiko karibu mno na kisima. Alieleza kuwa ardhi yetu ya pwani ni ya mawe ya matumbawe yenye vitundu vingi, na uchafu hupenya humo upesi. Alitaka choo kifungwe, kingine kichimbwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Fedha zilizokuwapo zilikuwa zimechangwa kwa ajili ya paa linalovuja. Baadhi ya wazee walisema kisima hiki kimenywewa na baba zao bila ya madhara, na kwamba kukitilia shaka ni kuwakosea adabu waliokitoa wakfu. Kamati ilikutana mara mbili, na mara zote mbili tuliagana bila ya kauli moja.

Basi tuliingia Gede na mzigo huo. Mtembeza wageni alitueleza kwamba uchimbuzi wa magofu haya ulianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman, na kwamba nyumba nyingi zimepewa majina kutokana na vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe za Ndovu na Nyumba ya Mkasi. Hapo kwenye mkasi akina mama walicheka.

"Mwanangu," bibi mmoja alimwambia yule kijana, "huyo mwenye nyumba aliutafuta mkasi wake mpaka akahama. Na kwangu ni hivyo hivyo."

"Naam, mama," kijana akajibu, "na sisi tukauona baada ya miaka mia tatu."

Tulitazama vyumba vya akiba visivyo na mlango, ambavyo viliingiwa kwa tundu lililo juu karibu na dari, na akina mama wakakubaliana kwamba hapo ndipo pa kuwafichia watoto sukari. Tulitazama vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba, na kando yake mahali pa kutawadhia. Watu hawa walikula katika vyombo vya kaure kutoka China, lakini walitumia mawe na jasho vilevile kwa ajili ya choo. Tukiwa mbele ya Nyumba ya Taa ya Chuma, mwalimu wa madrasa aliwakumbusha watoto kwamba Mtume (s.a.w.) alituusia kufunika vyombo vya maji na kuzima taa kabla ya kulala, na kwamba ametukataza kujisaidia njiani, kivulini na penye maji ya watu. Afya ya nyumba, akasema, ni katika mambo ya dini yetu.

Adhuhuri ilipokaribia, mtoto wa miaka minne alianza kuharisha. Alikuwa ni wa moja ya nyumba zinazoteka kwetu, na ilikuwa mara yake ya tatu tangu masika. Mama yake alinyamaza kimya, akimfuta. Muuguzi mmoja tuliyekuwa naye hakungoja. Alituma sukari na chumvi sokoni, akachukua lita moja ya maji safi, akatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, akakoroga mpaka vikayeyuka. Alimnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, na alipotapika alisubiri dakika chache, kisha akaendelea. Akawaeleza akina mama waliomzunguka kuwa pakiti za dukani ni bora zikipatikana, na kwamba mtoto anyonyeshwe na alishwe, asinyimwe. Macho yakididimia, mkojo ukikatika, kinyesi kikiwa na damu, au mtoto akilegea hata asiweze kunywa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kufikia alasiri mtoto alikuwa ameomba embe.

Wakati huo wanaume tulikuwa kwenye Msikiti Mkuu. Nje ya ukuta wake kipo kisima kirefu, na birika la kutawadhia likitiwa maji kutoka hapo. Kijana alitueleza kwamba kisima hiki kilichimbwa zaidi baada ya kujengwa, na wachunguzi hukitaja kama dalili kuwa maji ya ardhini yalikuwa yakishuka. Huenda hiyo ni moja ya sababu za watu kuuhama mji, pamoja na vita na misukosuko ya zama zile.

Mzee mmoja wa kamati yetu, ambaye ndiye aliyekuwa akikitetea kisima chetu kwa nguvu kuliko wote, aliinama akatazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo walikikuta na maji, yakapungua, wakakichimba tena?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Hawakusema tumekikuta hivi hivi."

"La. Walichimba."

Hakuongeza neno. Tuliporudi basini alipita kwanza kumtazama yule mtoto, akamgusa kipaji, akamuuliza mama yake amekunywa vijiko vingapi.

Kikao cha tatu cha kamati kilichukua muda mfupi. Mzee yule ndiye aliyefungua mazungumzo, akasema wakfu hutunzwa kwa kuangaliwa, na kwamba waliokitoa kisima walikusudia watu wanywe maji, si watoto waugue. Choo cha zamani kimefungwa. Kipya kinachimbwa upande wa pili wa ua, na tumekipima wenyewe kwa kamba: mita 34. Kisima kimejengewa ukingo na mfuniko, na ndoo moja tu yenye kamba yake ndiyo inayoingia ndani. Mpaka afisa wa afya atakapopima maji na kuturuhusu, kila nyumba inaombwa ichemshe maji ya kunywa, iyafunike, na kuyachota kwa kata yenye mkono mrefu. Maji hayo hayo ya kunywa yasiingizwe mikono ya watoto.

Paa bado linavuja. Safu ya tatu, upande wa kushoto, tumeweka ndoo mbili, na mvua za vuli haziko mbali. Mwenye uwezo wa kuchangia mabati amwone mweka hazina baada ya swala ya Ijumaa. Na mwenye nafasi ya kuwapeleka watoto wake Gede, insha Allah asiiache. Wavalishe viatu vya kufunika, chukueni maji yenu ya kunywa kutoka nyumbani, na mkifika Msikiti Mkuu msipite bila ya kutazama kisimani.