Ngamia wa Diani Hafundishwi kwa Fimbo

Iwapo likizo hii utavuka Likoni na familia kuelekea Diani, bila shaka watoto watakuomba jambo moja mara tu watakapokanyaga mchanga: kupanda ngamia. Kabla hujatoa pesa, hebu shuka ufuoni mapema, alfajiri ambayo maji yamekupwa. Wageni wangali wamelala, na huo ndio wakati mzuri wa kumpeleka nirigi, yaani mtoto wa ngamia, shuleni.

Farasi wana walimu wao Nairobi, kwenye uwanja wa mbio wa Ngong. Ngamia naye anataka mwalimu wake, tena mwenye subira. Mnyama huyu hukomaa polepole. Mamake hubeba mimba kwa takriban miezi 13, na hata akifika miaka mitatu, umri wa kuanza masomo, mifupa yake haijawa tayari kwa mzigo kamili. Huo husubiri hadi miaka sita hivi.

Mfugaji mmoja niliyezungumza naye, mzee aliyekulia nyuma ya ngamia, fimbo anayo, lakini ni ya kuegemea. Kwanza humfunga mwanafunzi hatamu na kumtembeza ubavuni mwa ngamia mtu mzima aliyetulia. Humpapasa shingo, tumbo, miguu, hadi aache kushtuka. Kisha huja somo gumu kuliko yote: kupiga magoti. Ngamia akilala chini hawezi kukimbia adui, kwa hiyo anayekubali kulala amekuamini. Mzee hugusa goti, hutamka neno lile lile, hungoja. Akilala hupewa chumvi kidogo, kitu ambacho ngamia hukipenda mno. Baadaye tandiko tupu, halafu gunia la mchanga, mwisho kijana mwepesi.

Wapo wanaofupisha njia kwa kipigo. Atalala, naam, lakini kwa hofu, na mwenye hofu husimama ghafla mtoto wako akiwa mgongoni. Diani ina mengi ya kumtisha: miavuli, mashua za injini, na zile tiara kubwa za wanaoteleza juu ya maji upepo wa kusi ukivuma. Ndiyo sababu mzee hupendelea kuanzia upande wa Msambweni, kulikotulia, kabla ya kumleta mwanafunzi kwenye kelele.

Kazi yenyewe haina faida ya haraka. Ngamia ni wa nchi kavu. Huku kuna unyevu, na Shimba Hills kuna mbung'o wanaoeneza maradhi ya damu, hivyo dawa ni lazima. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga hoteli, wanyama waliendelea kula ingawa hapakuwa na wa kuwapanda.

Basi ukifika, mtazame ngamia kabla ya kuuliza bei. Je, ana vidonda chini ya tandiko? Pua imechanika? Anakwepa mkono wa mwenyewe? Mwache, hata watoto wakilia. Ukiridhika, patana bei mkiwa bado chini, kisha mwambie mtoto ashike imara na aegemee nyuma, kwani ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza.