Uvira: Kuzoeza mtoto bila kumtisha

Ukitoka Bukavu kwa gari na kushuka katika bonde la Ruzizi, utapita Kamanyola, Luvungi, kisha Sange. Hapo Sange, tarehe 2 Julai 2010, gari kubwa la kubeba mafuta lilianguka. Watu wakalikaribia, wengine na vidumu vya kuchota esansi. Moto ukawaka, ukaua zaidi ya watu 230, na kati yao watoto wengi.

Endelea na njia. Ukipita Kiliba utafika Uvira, mji uliobanwa kati ya ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Mito Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka toka milimani na kupita kati ya nyumba za watu. Mvua ya tarehe 16 na 17 Aprili 2020 ilijaza Mulongwe. Maji yakabeba nyumba, na makumi ya watu wakafa. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia mitaani. Nchi pia hutetemeka, kama ile tarehe 5 Desemba 2005. Na vita? Wazee watakuhesabia: 1996, 1998, hata Desemba 2025, wakati watu wengi walivuka kukimbilia Burundi.

Basi, watoto wa hapa wazoezwe masomoni namna ya kujiokoa? Ndiyo, bila shaka. Lakini kwa njia gani?

Kuna wanaosema mazoezi lazima yafanane kabisa na hatari yenyewe: bunduki zilie, watoto wasiambiwe kitu. Sikia yaliyotokea Nairobi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha waliua watu 148 katika chuo kikuu cha Garissa. Kwa kuogopa jambo kama hilo, tarehe 30 Novemba mwaka ule chuo kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi, na milio ya bunduki ikasikika. Wengi walifikiri ni shambulio la kweli. Wakaruka toka madirishani na ghorofani. Mama mmoja mfanyakazi akafa, na wengine wengi wakaumia.

Wale walikuwa watu wazima. Mtoto je? Mwaka 2020 shirika la madaktari wa watoto la Marekani lilionya kwamba watoto wasidanganywe kuwa hatari ni ya kweli, wala wasiigiziwe mashambulio. Kwa mtoto wa Uvira ni zaidi, maana yeye risasi alikwisha kuzisikia, amelala chini ya kitanda na mama yake. Ukimwigizia, mwili wake haujui kwamba ni mchezo. Usiku atashtuka, atakojoa kitandani, kesho atakataa masomo. Tena kuna hasara ingine: siku mwalimu atakaposema kweli "Maji yanakuja!", mtoto atajiuliza kama anadanganywa tena.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Walisema kumkunja, hawakusema kumvunja.

Zoezi zuri ni la kimya na la kurudiwa. Mwalimu anawaambia watoto mbele ya siku: kesho tutazoea. Ishara ni moja, wote wanaijua. Wakubwa wanashika wadogo mkono, wanatembea bila kusukumana mpaka mahali pa juu, mbali na mto. Hapo majina yanasomwa mpaka hesabu itimie. Kwa tetemeko wanajifunza kuingia chini ya meza na kukinga kichwa. Kwa gari la mafuta lililoanguka, neno ni moja: kimbia mbali, hata kama wakubwa wanakimbilia pale. Mwishoni wote wanaimba, na yule aliyelia hachekwi.

Wewe baba unayeshuka mgodini, Kamituga ao Misisi, unajua jambo hili. Njia ya kutokea inafundishwa wakati wa amani, si kwa kuangushia mtu udongo.

Basi, mzazi, nenda kamuulize direkta wa masomo ya mtoto wako maneno matatu: Ishara yetu ni ipi? Watoto wanakimbilia wapi? Wanaambiwa mbele kwamba ni zoezi? Kisha jioni, nyumbani, onyesha watoto njia ya kupanda mahali pa juu. Maji hayaji saa za masomo tu.